Mita Iliyoyafuata Maji

Wadogo zangu wa ofisi ya vipimo, mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi kabla sijaisahau. Sijaisahau. Kuna majuma machache ya mwisho wa kiangazi kimoja, kando ya ziwa Tshangalele, ambayo ningependa kuyasahau na hayataki. Nitafika huko. Lakini lazima mjue kwanza jinsi nilivyofundishwa kazi hii, ndipo mwone vizuri jinsi nilivyoiharibu. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Niliingia ofisini Likasi nikiwa kijana mwenye shati jeupe. Baba yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi na hakurudi kwao, na ndoto yake moja ilikuwa kuniona karani, nimeketi, kalamu mkononi. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani nikiwa na buti za mpira zilizojaa tope hadi magotini. Baba alinitazama muda mrefu, kisha akamuuliza mama kwa sauti ya chini kama nimefukuzwa.

Aliyenipaka tope hilo ni Papa Tshibangu, mpimaji mkuu, mzee mfupi mwenye kikohozi na hasira za karibu. Alikuwa na desturi moja ambayo ofisi nzima iliiogopa: hakusoma daftari la mtu kabla ya kutazama viatu vyake. Juma langu la kwanza alinituma kusoma kipimo cha mto nyuma ya machimbo ya chokaa ya Kakontwe. Nilifika ng'ambo, nikaona namba vizuri kutoka barabarani, nikaandika, nikarudi nimeridhika. Aliinama akachungulia chini ya meza.

"Weye Kazadi, ile mayi uliipima na macho? Kiatu yako iko kavu sawa ya padri siku ya Pasaka."

"Papa, namba ilionekana vizuri."

"Namba ilionekana. Mayi haukuiona. Rudia kule."

Nilirudi kwa miguu, nikimlaani kimoyomoyo njia nzima. Nilipoingia majini niligundua kwamba takataka na majani yalikuwa yamekwama kwenye ubao wa kipimo, maji yamerundikana mbele yake, na namba niliyoiandika ilikuwa ya rundo la takataka, si ya mto. Nilisafisha, nikasubiri maji yatulie, nikasoma upya. Tshibangu aliangalia buti zangu, akatia sahihi bila kusema neno, na huo ndio ulikuwa mtindo wake wa kusifu mtu.

Vyombo vyake vilikuwa vichache. Kulikuwa na nivo, darubini ya miguu mitatu inayokuonyesha kama sehemu mbili ziko usawa mmoja. Kulikuwa na ubao mrefu wenye alama, anaoushika mwenzako mbali huku wewe ukichungulia. Na kulikuwa na ubao wa rangi nyeupe na nyekundu unaosimikwa majini, ambao wanakijiji wote wa nchi hii huuita mita. Alinifundisha kwamba ukisimika mita, lazima umimine nguzo ya saruji kando yake, hatua tano, kwenye ardhi ngumu. Mafuriko yakiubeba ubao, nguzo itakuambia ulikuwa wapi. Nimemimina nguzo nyingi maishani kuliko nilivyopanda miti.

Basi nilifanya kazi hiyo miaka mingi, visima, vijito, maji yanayotoka chini ya milima ya takataka za madini yakiwa na rangi ya kijani isiyopendeza. Tshibangu alistaafu, akafa, tukamzika siku ya mvua, na mimi ndiye niliyeshika nivo yake. Kisha kompyuta zikaja. Nitasema ukweli: nilizipenda kuliko ilivyofaa. Magoti yangu yalikuwa yameanza kulalamika, na hapa kulikuwa na chombo kinachokuonyesha bonde zima, maji yakipanda na kushuka kwa rangi ya samawati, wewe umeketi na kikombe cha chai. Baba hatimaye angeniona karani.

Aliyetuletea chombo hicho ni Clarisse, injinia kijana kutoka Lubumbashi, mwepesi wa akili na mkali kwa uvivu. Aliita kazi yake simulasioni. Unaipa kompyuta umbo la bonde, mvua, chemchemi, jua linalonyonya maji, na vipimo vya kila siku, nayo inaigiza maji yatakavyokuwa mwezi ujao au mwaka ujao. Alinieleza mambo hayo kwa uvumilivu ambao mimi sikupewa na Tshibangu. "Papa Kazadi," alisema siku ya kwanza, "hii machine haiyue kitu. Inaamini kila kitu unaiambia." Nilicheka. Nilipaswa kuandika maneno hayo ukutani.

Sasa niwaeleze dambo lenyewe. Dambo, kwa msiolijua, ni bonde la majani ambalo maji hulala chini yake hata kiangazi. Hili letu lilikuwa kati ya vitu viwili vibaya kukaa jirani. Juu yake kulikuwa na bwawa la maji machafu, lililoachwa na kiwanda kilichofungwa zamani, limezuiwa na tuta la udongo lililozeeka. Chini yake kulikuwa na kijiji cha wavuvi na ziwa lenyewe, na mahali hasa ambapo samaki hutaga. Kwa miaka mingi dambo lilikuwa limekufa, limechimbwa mchanga, limechomwa, limekatwa mitaro. Mradi mmoja ukaja kulifufua. Wanakijiji na sisi tuliziba mitaro, tukapanda matete na mafunjo, tukamwaga mawe ya chokaa kwenye njia ya maji ili kupunguza ukali wake. Misimu miwili ya mvua ikapita. Korongo walirudi, na vyura walipiga kelele hadi katekista akalalamika.

Shabaha ilikuwa hii. Tuta la bwawa lilikuwa likivuja jasho. Kabla ya mvua kubwa ilibidi bwawa lipunguzwe, na maji yake hayana njia nyingine ila kupitia dambo. Yakipita polepole kati ya matete, siku baada ya siku, uchafu wa madini huzama topeni na maji hufika ziwani yakiwa yamepona. Yakipita haraka kwenye dambo lililokauka na kupasuka, yanafika kama yalivyotoka, na samaki wa kijiji kile wamekwisha. Kwa hiyo tuliulizwa swali moja: dambo limeshiba maji ya kutosha au la? Jibu likiwa ndiyo, mlango wa kutolea maji kwenye tuta utafunguliwa siku ya Alhamisi.

Mradi ulitaka wanakijiji washiriki, si kwa mdomo tu. Tulimchagua msomaji wa mita, Mama Bilonda, mjane mwenye nyumba karibu na dambo, mwanamke asiyekosa misa wala mkutano. Kila asubuhi alisoma ubao na kutuma namba kwa simu, kwenye fomu niliyoitengeneza mimi. Niliipenda fomu ile. Nilikuwa nimeitega ikatae sifuri, kwa sababu kwenye mto mwingine msomaji mmoja alikuwa akitutumia sifuri kila siku akiwa kitandani kwake. Namba za Mama Bilonda zilifika kila siku bila kukosa, nzuri, tulivu, zikipanda kidogo na kushuka kidogo. Clarisse alizilisha kompyuta. Kompyuta ikasema dambo lina afya na litadumu. Niliandika ripoti na kutia sahihi yangu. Kijijini sikuwa nimekwenda tangu mwanzo wa kiangazi.

Jumatatu ya juma lile nilikwenda kupiga picha ya mita, ya kupamba jalada la ripoti. Hiyo ndiyo sababu iliyonipeleka, jalada. Niliikuta mita imesimama wima, safi, maji yakicheza miguuni pake, na Mama Bilonda kando yake na kitambaa chake cha sikukuu kwa ajili ya picha. Nilirudi nyuma ili nipate picha pana, nikarudi tena, nikitafuta nguzo yangu ya saruji ionekane pembeni. Haikuwapo. Nilidhani imezama. Nikaitafuta kwa macho, nikaiona mbali kule, juu, kwenye majani makavu. Nilihesabu hatua kuiendea. Zilipaswa kuwa tano. Nilipofika sitini niliacha kuhesabu.

"Mama Bilonda," nilimwita, "nani alitosha mita pa fasi yake, nani aliihamisha?"

"Ni minye, Papa. Na bamama benzangu." Alijibu bila wasiwasi wowote. "Mayi ilikimbia. Njo tukaifwata."

"Mliifwata?"

"Ilibaki inasimama mu bulongo, kavu. Nilituma zero. Telefone inanijibia: namba haiko muzuri. Nikatuma tena zero, na tena. Inakatala tu. Nikasema, bantu ba bureau banataka namba, basi twende tuitafute kwenye mayi ingali."

"Mais juu ya nini haukuniita, kwa nini?"

"Nilikuita, Papa Kazadi." Sasa alinitazama usoni, na akapunguza sauti ili asinifedheheshe mbele ya wenzake. "Ulisema uko na kazi mingi mu ordinateur, nifwate fomu tu. Nikaifwata."

Nilikumbuka simu ile. Nilikuwa nikila karanga mbele ya kompyuta. Niliangalia chini nisije nikaonana naye macho, nikaona viatu vyangu, viatu vya mjini vilivyopigwa rangi asubuhi ile, na aibu ilinishika mwili mzima. Kila walipohama, walichagua mahali penye maji ya kutosha, kwa hiyo namba zilibaki nzuri. Dambo lilikuwa likikauka kuanzia kingo, na mita ikilikimbiza kuelekea katikati, na mimi mjini nikiita hali hiyo uthabiti. Ilikuwa Jumatatu, na mlango wa tuta ulikuwa ufunguliwe Alhamisi.

Nilimpigia Clarisse pale pale. "Papa, ulisaini," alisema. Nikamwambia ninajua. "Basi hatuna data. Hatuna kitu. Yote ni bule."

Ni Mama Bilonda aliyetuokoa, na hata hakujua kwamba anatuokoa. Alidhani nimekasirika kwa sababu mita imepotea nyumba yake, akanishika mkono kunituliza. "Haikupotea, Papa. Kila fasi tulitosha mita, tulipanda kijiti. Mvula ikikuya, tutairudisha pole pole mupaka ku nyumba yake." Akanipeleka. Vilikuwa vijiti saba, vimefungwa vipande vya vitenge, katika mstari kutoka nguzo yangu hadi majini. Nikamuuliza kama anakumbuka siku. Alishangaa kwamba ninauliza. Hiki ni cha Petro na Paulo. Hiki ni cha ubatizo wa mjukuu wake. Hiki ni cha siku mbili kabla ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, kwa sababu alitaka kazi iishe kabla ya sikukuu.

Mnaona alichokuwa ametupa? Kila kijiti kilisimama pale ambapo mguu wa mita ulibaki mkavu, na tarehe yake ilijulikana. Ukipima kimo cha ardhi penye kila kijiti, unapata kimo cha maji ya siku ile. Rekodi nzima ya kiangazi ilikuwa imesimikwa ardhini, bora kuliko fomu yangu. Jumanne Clarisse alifika na nivo ya Tshibangu kwenye gari. Nilivua viatu na kuingia topeni, yeye akachungulia darubini, Mama Bilonda akashika ubao wa alama, imara. Mchana wa Jumatano tulikuwa na namba saba za kweli, na Clarisse alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kompyuta magotini, akaendesha simulasioni upya. Samawati ilinywea mbele ya macho yetu. Mafunjo ya chini yalibaki kisiwa. Maji ya bwawa, yakifunguliwa kesho, yangepita kwenye nyufa na kufika ziwani kabla ya jua kuzama.

Nilimpigia mkuu wa mradi, bwana ambaye sitamtaja. Alinisikiliza hadi mwisho, nikiri hilo. Kisha akasema tuta linavuja zaidi ya juma lililopita, na likibomoka lenyewe mvua itakapokuja, hakutakuwa na dambo wala kijiji cha kujadili. "Munipe njia ingine," alisema. "Hapana bwoga, Kazadi. Njia. Kama kesho saa sita haiko, tunafungula."

Tulibaki na swali ambalo sikuwahi kujiuliza: maji yamekwenda wapi? Chemchemi zilikuwa zikitoka kama kawaida, mvua zilikuwa nzuri. Clarisse alikagua kila kitu kwenye kompyuta mara mbili. Mama Bilonda alikuwa amekaa kwenye majani, mikono mapajani, ananyamaza kwa namna ambayo si ya mtu asiyejua. Mwishowe alisimama akatuambia tumfuate. Nyuma ya ukingo wa juu, pale ambapo ramani yetu ilionyesha majani matupu, kulikuwa na bustani. Lengalenga, nyanya, vitunguu, kabichi, mistari iliyonyooka, kazi safi. Na kutoka chemchemi hadi bustani, mifereji kumi na minne. Maji yalirudi kwenye dambo na akina mama wakayafuata, jambo la akili kabisa. Sheria za mradi zilikataza bustani, kwa hiyo katika mikutano yetu yote ya kushirikisha jamii hakuna aliyezitaja bustani hizo, na hakuna kati yetu aliyeuliza. Alitembea akitaja mwenye kila mfereji. Penye wa saba alisema, "Hii njo yangu," akaendelea kutembea.

Alhamisi asubuhi tulikutana ndani ya kanisa dogo la ufukweni. Kijiji kizima kilikuja. Clarisse alitundika shuka jeupe mbele ya altare kwa ruhusa ya katekista, mashine ya umeme ikanguruma nje, na dambo lao likaonekana kwenye shuka. Safari hii hatukuleta jibu. Tulieleza tuta, tukaeleza vijiti, tukaeleza mifereji, kisha Clarisse akawaambia wao ndio watakaosema kipi kifanywe, na kompyuta itaigiza.

"Funga ile tatu ya juu," mtu mmoja alisema haraka. Yake ilikuwa ya chini, nilikuja kujua baadaye. Clarisse akafunga mitatu. Samawati ilisogea kidogo, ikakoma. Wakajaribu mitano. Wakajaribu nusu. Wakajaribu kufunga mchana na kufungua asubuhi. Kila mara watu waliegemea mbele kwenye mabenchi, na kila mara maji yalikoma kabla ya kufika. Ilikuwa inakaribia saa tano. Mwanamke mmoja nyuma alisema kwa sauti nyembamba, "Funga yote." Clarisse akafunga kumi na minne yote. Samawati ikatambaa, ikapanda, ikazunguka mafunjo, na baada ya majuma matatu ya kwenye kompyuta ikagusa nguzo yangu. Hakuna aliyeshangilia. Kila mama mle ndani alikuwa akihesabu chakula cha nyumba yake.

Ndipo Papa Sangwa, mkubwa wa wavuvi, akasimama. Samaki ni maisha yake na alikuwa na hofu, sasa namuelewa. Alinyoosha kidole.

"Mama Bilonda njo alitudanganya! Alitembeza mita sawa mbuzi, kusudi bustani yake isionekane. Yeye kwanza! Na atoke mu comité ya mradi!"

Kelele ilizuka. Mama Bilonda alishika pindo la kitenge chake. Na mimi, wadogo zangu, kwa muda wa pumzi tatu hivi, nilinyamaza. Nataka mlijue hilo. Lawama ilikuwa imeshaniruka na kutua kwake, sahihi yangu ilikuwa salama, na nilikuwa nimebakiza miezi michache kustaafu. Nilifikiria sherehe yangu. Kisha nikasimama.

"Papa Sangwa, mama uyu hakudanganya muntu," nilisema. "Fomu ilikatala zero, na ile fomu ni minye niliifanya. Aliniita ku telefone. Minye nilikatala kuya. Nilisaini karatasi ya mayi hata sikuiona. Kama munatafuta mwenye makosa, iko hapa mbele yenu, na kesho nitaandika vile vile ku bureau." Papa Sangwa alikaa. Aliangalia mikono yake.

Mama Bilonda aliinuka, akapita kati ya mabenchi, akatoka. Tulidhani amechukia. Watu walianza kuulizana nani amfuate, na saa ilikuwa imefika tano na nusu, na simu yangu ilikuwa inalia mfukoni. Nilitoka mbio kadiri magoti yalivyoruhusu. Nilimkuta kwenye mfereji wa saba, kitenge kimekunjwa, jembe mkononi, anabomoa kingo na kukandamiza udongo wa mfinyanzi kwa kisigino. Kando yake kabichi zilikuwa zimeanza tu kujifunga. Hakuniangalia. Nilichukua udongo kwa mikono nikamsaidia, na tulipoinua vichwa, mama wa mfereji wa sita alikuwa amesimama anatutazama, jembe begani, analia bila kujificha. Alianza kuchimba. Kisha wa nane. Saa sita nilimpigia mkuu wa mradi, nikamwambia njia imepatikana na itachukua majuma matatu. Alisema mvua haisubiri majuma yangu, lakini atajaribu kusubiri.

Majuma yale nisingependa kuyaishi tena. Kila asubuhi niliangalia mita, iliyorudi kijiti kimoja nyuma, kisha kingine, na kila jioni niliangalia tuta, ambako doa la unyevu lilikuwa limepanuka tangu asubuhi. Mawingu yalijikusanya upande wa Shinkolobwe, yakatunguruma, yakatawanyika. Huku juu bustani zilinyauka, nyanya kwanza, halafu majani ya kabichi yakawa karatasi. Mama mmoja alikutwa akibeba maji kichwani kutoka ziwani kumwagilia mistari miwili tu, na hakuna aliyemkataza. Papa Sangwa aliwapelekea akina mama samaki siku za Ijumaa, bila hotuba.

Mlango wa tuta ulifunguliwa upana wa kiganja kabla ya mvua ya kwanza kubwa. Maji ya kijani yaliingia kwenye matete na kupotea. Kwenye mdomo wa dambo, yanapotokea kwenda ziwani, Clarisse alikuwa na karatasi zake za kupima ukali wa maji, na wavuvi walikuwa na kipimo chao: mgono, mtego wa kusuka, wenye samaki wadogo hai, umelazwa ndani ya mkondo. Tulikaa pale siku nyingi tukiangalia vyote viwili. Siku ya kwanza maji yalitoka safi, lakini hayo yalikuwa maji ya zamani. Siku ya nne Clarisse alisema sasa ndiyo yenyewe yanafika, akachovya karatasi. Karatasi haikubadilika rangi. Papa Sangwa aliinua mgono na samaki wakaruka ndani yake, na mtu mzima yule alikaa chini kwenye majani akafunika uso.

Nilibaki na ripoti moja ya kuandika, ile ya kusahihisha ile nyingine. Niliandika makosa yangu kwa jina langu. Nilieleza vijiti. Nilipofika kwenye swali la mwisho, kama dambo hili litadumu, nilikwama, na nikaenda nayo kwa Mama Bilonda. Tulikaa bustanini kwake, mbele ya kabichi zake zilizokufa. Nilimsomea.

"Ni muzuri," alisema. "Mais haukuandika juu ya nini mayi ilirudia."

"Niliandika mifereji ilifungwa."

"Haikujifunga, Papa. Andika bantu."

Ripoti haikuwa na mahali pa majina. Niliyaandika kwa mkono, ukurasa wa mwisho, juu ya sahihi yangu, yeye akiyataja moja moja kwa utaratibu wa mifereji, jina lake la saba. Yalikuwa kumi na manne. Nilipoanza kutia sahihi chini ya jina la mwisho alinizuia kwa kidole.

"Acha fasi pale chini. Mistari ile ile kumi na ine."

"Ya nini, Mama?"

"Ya mwaka kesho. Shiye tulilala njala mwaka huu. Mwaka kesho ni zamu ya bengine. Bataandika majina yabo."

Nilitia sahihi chini kabisa ya ukurasa. Clarisse alipoipokea alinipigia simu kutoka Lubumbashi kuuliza kama nimesahau kujaza, kwa sababu penye swali la kudumu kwa dambo sikuandika neno, na karibu nusu ya ukurasa ule ilikuwa mistari mitupu. Nikamwambia hiyo mistari ndiyo jibu, aitume vile ilivyo.